Nyonga za Wachukuzi wa Mpakani

Katika nchi iliyo chini ya mlima ambao Wagisu huuita Masaba na ramani huuandika Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu Busia hadi Malaba na kutoka Malaba hadi Tororo, wanaishi watu wengi ambao riziki yao hupatikana kwa kukaa kitako. Dereva wa lori atokaye bandari ya Mombasa huwa amekwisha kukikalia kiti chake kwa masafa ya zaidi ya kilomita 900 kabla hajaiona forodha ya Malaba. Mwendesha bodaboda huipanda pikipiki yake alfajiri, na aghalabu hashuki kwa muda wa haja isipokuwa kwa kula na kusali. Mama auzaye dagaa kandokando ya njia hukalia kigoda kifupi hata magoti yake yakakaribia kidevu. Na karani wa uwakala wa forodha hukaa mbele ya kompyuta yake akingojea idhini ya mizigo isiyokwisha. Waulize watu hawa habari za jioni, nao watakujibu kwa mkono kabla hawajakujibu kwa ulimi, na mkono huo huenda kiunoni.

Maumivu hayo hupewa majina mengi. Wengi husema ni mgongo. Wengine huapa kwamba ni figo, wakanywa maji kwa wingi na kungojea nafuu isiyokuja. Wapo wanaume ambao maumivu yao hushuka hadi kinenani, wakadhani wamepatwa na ngiri, wakaona haya kumweleza mtu, hata mke. Rai yangu, niitoayo kwa adabu mbele ya matabibu walionizidi elimu, ni kwamba tumekuwa tukiitafuta sababu ya taabu hii nyuma ya mwili ilhali sehemu yake isiyo ndogo imejificha mbele, katika misuli ya kukunja nyonga. Na kwamba tiba yake, ambayo haiuzwi katika duka lolote la dawa, imenyimwa wachukuzi wetu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hakuna aliyeona kuwa ni kazi yake kuwafundisha wala kuwapa mahali na wasaa wa kuitumia.

Misuli hiyo si mmoja. Ulio mkuu miongoni mwake huanzia ubavuni mwa pingili ya mwisho ya kifua na pingili tano za kiuno, ukateremka ndani ya mwili nyuma ya matumbo, ukaungana na mwenzake uliotandazwa juu ya uso wa ndani wa mfupa wa nyonga, kisha yote miwili ikapita chini ya kinena na kushikamana na kinundu kidogo kilichopo upande wa ndani wa mfupa wa paja, karibu na ncha yake ya juu. Matabibu huuita muungano huo iliopsoasi. Nje yake upo msuli mwingine, ambao hushuka mbele ya paja kutoka nyonga hadi gotini na kufanya kazi mbili kwa pamoja, kuikunja nyonga na kulinyoosha goti. Msomaji asiyewahi kuiona picha ya viungo vya binadamu huenda amekwisha kuuona ule msuli mkuu buchani pasi na kujua, kwa kuwa katika ng'ombe ndio sarara, ile nyama laini iliyojificha chini ya mifupa ya kiuno ambayo mwenye bucha huitoa kwa makini na kuiuza kwa bei ya juu. Ng'ombe hutembea kwa miguu minne, mgongo wake umelala na nyonga zake zimekunjika daima, wala sarara yake haina kazi kubwa; ndiyo sababu ni laini. Binadamu alisimama wima, akautwika msuli ule ule kazi ya kuliinua paja kila hatua na kusaidia kuushikilia uti wa mgongo usiyumbe.

Mtu akaapo kitini, pembe iliyo baina ya kiwiliwili na paja huwa takriban nyuzi 90, na msuli huu huwa umefupika. Saa moja haidhuru. Lakini mwili huuzoea mkao unaorudiwa zaidi, na msuli ukaao katika hali ya ufupi kwa saa 10 au 12 kila siku, mwaka baada ya mwaka, hupoteza baadhi ya uwezo wake wa kurefuka, nayo mishipa ya fahamu huzoea kuuzuia pale unapotakiwa kurefuka. Mtu wa hali hii akisimama, kiuno chake huvutwa mbele, mgongo wa chini hubonyea kuliko ada, tumbo hutokeza hata kama hana shibe, na misuli ya matako, ambayo dhima yake ni kulirudisha paja nyuma, huwa imelegea kwa kukosa kazi. Hatua zake huwa fupi. Masafa ambayo nyonga imekataa kuyatoa hulazimika kutolewa na pingili za kiuno, ambazo hazikuumbwa kwa kazi hiyo, na ikiwa hali hiyo itaendelea kutwa nzima, siku zote, si ajabu kiuno kikalalamika. Sisemi kwamba kila maumivu ya mgongo hutokana na haya, kwani mgongo una maadui wengi, na wataalamu wenyewe hawajaafikiana juu ya kiasi ambacho kule kubonyea kwa kiuno pekee kwaweza kumletea mtu maumivu. Ninasema kwamba mtu aumwaye kiuno ambaye nyonga zake hazijapata kuchunguzwa hata mara moja hajachunguzwa vya kutosha.

Nami huona ajabu kwamba katika miteremko ya mlima huu huu, upande wa Kapchorwa, ndiko alikotoka Joshua Cheptegei, ambaye mwaka 2020 alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 huko Monaco na ya mita 10,000 huko Valencia. Mtazame mkimbiaji wa namna ile, jinsi paja lake linavyokwenda nyuma kabisa ya mwili ndipo mguu uondoke ardhini. Halafu mtazame dereva ashukaye lorini Malaba baada ya usiku kucha njiani, mikono yake imeshika mlango, magoti yamekunjika, naye hutembea hatua kumi za mwanzo akiwa ameinama mithili ya mtu atafutaye sindano. Mlima ni mmoja, na miili ni ya jinsi moja. Kilichotofautiana ni kazi zao za kila siku.

Kazi ya bodaboda ilizaliwa hapa mpakani katika miaka ya 1960, na ilizaliwa kwa baiskeli. Msafiri aliyeshukia upande mmoja wa mpaka alihitaji kuufikia upande wa pili pamoja na mzigo wake, na vijana wenye baiskeli imara za chuma walitandika mto nyuma ya kiti chao, wakampakia, wakamvusha kwa ujira mdogo. Pikipiki zilianza kuingia katika biashara hiyo miaka ya 1990, zikaenea Afrika ya Mashariki yote, ijapokuwa baiskeli haijatoweka Busia wala Tororo hata leo. Siisifu baiskeli kupita kiasi, kwa kuwa mwendeshaji wake naye haupeleki mguu nyuma ya mwili. Lakini mapaja yake yalikuwa kazini, matako yake yalikuwa kazini, moyo wake ulikuwa kazini, na kila kilima kilimlazimu kushuka na kusukuma, maana yake kutembea. Pikipiki iliondoa jasho, ikaacha kikao. Fauka ya hayo, ile desturi ya kupakia mishikaki, abiria wawili au watatu kwa safari moja, humsukuma mwendeshaji mbele hata akakaribia kulikalia tangi la mafuta, magoti yake yamepanda, kiuno kimepinda, na kinena kimekunjamana. Na kijana wa miaka 25 aliyekaa hivyo tangu asubuhi, akiteremka jioni na kwenda moja kwa moja uwanjani kupiga mpira, asistaajabu iwapo msuli wa mbele ya paja utamchanika kwa shuti la kwanza, maadamu aliutaka urefuke ghafla baada ya kuufupisha kutwa.

Hali ya madereva wa malori ni nzito zaidi, kwa kuwa kikao chao hakiko mikononi mwao. Januari 2022, Uganda ilipoamuru kila dereva apimwe korona mpakani kwa malipo, nao madereva wakagoma, foleni ya malori upande wa Kenya ilirefuka makumi ya kilomita, na bei ya petroli ikapanda Uganda. Magazeti yaliandika mengi juu ya petroli. Machache mno yaliandikwa juu ya watu waliolala siku kadhaa ndani ya malori yao, wamejikunja, wasithubutu kuliacha gari kwa kuhofia wezi na kwa kuhofia kupoteza nafasi katika foleni. Hakika mambo yametengenea kwa kadiri fulani tangu marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokifungua kituo cha pamoja cha Busia Februari 2018, ambapo mzigo hukaguliwa mara moja tu katika nchi uingiayo. Jambo hilo ni jema na lastahili sifa. Hata hivyo, katika maneno mengi yaliyosemwa juu ya kuharakisha mizigo, sijapata kuona neno juu ya mahali ambapo mwenye kuubeba mzigo huo ataweza kushuka, kutandika nguo chini, na kuinyoosha miguu yake pasi na kukanyagwa na lori la mwenzake.

Kwa kukosa mahali na maarifa, watu hukimbilia kilicho karibu, na duka la dawa li karibu kuliko tabibu. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, sikatai, lakini haviurefushi msuli wala haviutii nguvu, na mwenye kuvimeza kila siku bila ya ushauri hujitafutia vidonda vya tumbo na madhara ya figo, zile zile figo zilizosingiziwa mwanzoni zikiwa hazina hatia. Kuchua nako kuna heri yake, na mkandaji mahiri aliyejua kazi huweza kumpa mtu usingizi aliokuwa ameukosa; ila msuli tunaouzungumzia umelala ndani mno, mbele ya uti wa mgongo na nyuma ya matumbo, na mafuta yapakwayo mgongoni hayaufikii. Wala mtu asije akajaribu kuubonyeza kwa vidole kupitia tumboni eti kwa kuwa ameona ukibonyezwa katika simu. Hapo ndani pana utumbo na mishipa mikubwa ya damu.

Mtu atajuaje kwamba nyonga zake zimekazana? Kipimo kipo, nacho ni cha karne ya 19, kilichobeba jina la Hugh Owen Thomas, mganga wa mifupa mzaliwa wa Wales aliyewatibu mabaharia na wachukuzi wa bandari ya Liverpool, watu wasio mbali kwa hali na hawa wetu. Lala chali juu ya meza au kitanda kigumu, matako yakiwa karibu na ukingo, uyakumbatie magoti yote mawili kifuani hata kiuno kilale sawasawa juu ya ubao. Kisha liendelee kukumbatiwa goti moja, na mguu wa pili uachwe uteremke taratibu kwa uzito wake wenyewe. Paja likishuka hadi usawa wa kitanda, nyonga hiyo haina kinyongo nawe. Likibaki limeinuka, msuli wa ndani umekazana. Na goti likijinyoosha badala ya kuning'inia, lawama ni ya ule msuli wa mbele ya paja. Hupimwa pande zote mbili, kwa kuwa si nadra upande mmoja kuwa mkaidi kuliko wa pili.

Katika kuzilegeza nyonga, wengi hukosea jambo moja. Hupiga goti chini, mguu wa pili wakauweka mbele, halafu wakausukuma mwili mbele kwa nguvu zote huku mgongo ukipinda nyuma, wakadhani wamefanya kazi kubwa, ilhali kilichosogea ni kiuno na nyonga imebaki vile vile. Sharti la kwanza ni kulikaza tako la upande wa goti lililo chini, na kuingiza chini ya mwili ule mfupa wa mwisho wa mgongo, hata kiuno kikae wima bila ya kubonyea. Ndipo mtu asogee mbele, kidogo tu, kadiri ya inchi chache. Mvuto utasikika kinenani na mbele ya paja, usiwe wa kuumiza. Akae hapo kwa nusu dakika akipumua kwa utulivu, arudie mara mbili au tatu kila upande, na afanye hivyo siku nyingi za juma, kwa kuwa msuli uliofupika kwa miaka haurefuki kwa hamaki ya siku moja. Pale ambapo ardhi ni tope, kama ilivyo katika maegesho ya malori wakati wa masika, hapana haja ya kupiga goti: ashike bodi la lori, apeleke mguu mmoja nyuma hatua ndefu, akaze tako, na mambo yatakuwa yale yale.

Hapa niongeze neno ambalo baadhi ya walimu wa mazoezi hulipita upesi. Msuli unaohisiwa kuwa umekazana si lazima uwe mfupi. Huenda ni dhaifu, nao hujikaza kwa sababu umechoshwa na mzigo unaozidi nguvu zake. Mtu wa namna hii aweza kujinyoosha mwezi mzima asione afueni ila ya dakika tano. Aula kwake ni kuutia nguvu: asimame wima, alinyanyue goti moja kupita usawa wa kiuno bila ya kuegemea kitu, na alishikilie hapo kwa muda wa pumzi chache kabla ya kulishusha. Matako nayo yanahitaji kuamshwa, na zoezi lake ni la bure kabisa, kulala chali magoti yamekunjwa na nyayo chini, kisha kukiinua kiuno hadi magoti, nyonga na mabega yawe katika mstari mmoja. Lililo kubwa kuliko yote haya, hata hivyo, ni kuinuka. Mwendesha bodaboda angojaye abiria hana sababu ya kungojea juu ya pikipiki. Naye dereva akitua kujaza mafuta, azunguke lori lake kwa miguu, hatua ndefu, ndipo arudi kitini.

Nasikia tayari mtu akisema kwamba haya ni maradhi ya watu wa ofisi za Nairobi na Kampala, na kwamba mkulima wa Kisamia au wa Kipadhola alimaye muhogo na wimbi hana habari nayo. Kwa mkulima, huenda ni kweli kwa sehemu, kwa kuwa alimaye huinama kwa nguvu za mgongo na matako, husimama, hutembea, hubeba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, ulionyesha kwamba hata wao, wawindaji na wachumaji, hupumzika takriban saa 10 kwa siku, muda usiotofautiana sana na wa watu wa mijini. Ila wao huchuchumaa na kupiga magoti, mikao ambayo huiacha misuli ya miguu ikiendelea na kazi, ilhali kiti huibeba kazi yote na kuiacha misuli ikilala. Utafiti ule ulikusudia zaidi siha ya moyo kuliko nyonga, lakini mwenye macho ataona kwamba kikao ni cha namna nyingi. Wazee wa Kiteso hukizunguka chungu cha ajono na mirija yao mirefu hata jua likatua, na sijamsikia aliyewakataza kwa ajili ya nyonga. Lakini wale huwa wamelima asubuhi. Mchukuzi wa mpakani halimi, naye si wa ofisini pia, na kwa hiyo ameachwa katikati, hana jasho la mkulima wala bima ya karani.

Zipo ishara ambazo hazipasi kungojea mazoezi. Maumivu ya kinena au nyonga yanayofuatana na homa, kukonda, na kushindwa kuunyoosha mguu, huenda yakawa ni usaha uliojikusanya ndani ya msuli, wakati mwingine kutokana na kifua kikuu kilichoingia katika pingili za uti wa mgongo, na katika nchi zetu jambo hilo si la kusahauliwa. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi mashariki ya Uganda, akiumwa nyonga asidhani ni msuli, kwani kichwa cha mfupa wa paja chaweza kufa kwa kukosa damu. Uvimbe kinenani utokezao mtu akikohoa ndio ngiri yenyewe. Na yeyote ambaye kiuno kinamuuma huku akipoteza hisia sehemu za siri au akishindwa kuuzuia mkojo, aende hospitali siku hiyo hiyo, asilale nayo.

Minghairi ya hayo, jambo hili halihitaji fedha nyingi, linahitaji mtu wa kulisimamia. Vyama vya bodaboda vya Busia, Malaba na Tororo vina wenyeviti, vina ada za kila siku, na vina vituo ambavyo wanachama hukusanyika. Nawaomba wenyeviti hao wamwalike mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali ya serikali iliyo karibu, aje kituoni asubuhi moja, awapime vijana na kuwafundisha, na wafanye hivyo tena kila wapatapo wanachama wapya. Wenye makampuni ya malori, ambao huhesabu kila lita ya dizeli, wamwekee dereva muda wa kushuka katika ratiba yake na wasimkate ujira kwa ajili yake. Na wakuu wa mpaka, pande zote mbili, wanapopima viwanja vya maegesho, watenge kipande kimoja chenye kivuli na sakafu kavu, kisichoegeshwa gari, ambapo mtu aweza kupiga goti.